Barua ya wazi kwa maadmini wetu: Krismasi siyo dedlaini

Wakuu, salaam.

Naandika hapa mbele ya watu wote maana inboksi nilishawafuata mara mbili, jibu likawa "tutalifanyia kazi mkuu" halafu kimya, sasa bora tuongee kila mtu akisikia. Msinielewe vibaya, sina ugomvi na admini yeyote. Hili grupu letu la watengeneza gemu ndo limenifundisha Godot, programu ya kutengenezea gemu, kutoka sifuri, gemu yangu ya kwanza ile ya bodaboda anayeruka mashimo mliicheza nyie kabla hata mdogo wangu hajaicheza, na aliyenionyesha kwanini bodaboda yangu inazama kwenye lami ni admini mmoja aliyekesha na mimi mpaka saa nane usiku. Kwa hiyo hapa anaongea mtu wa ndani ya nyumba.

Ishu ni haya mashindano yetu ya kutengeneza gemu za sikukuu. Krismasi, Idi, Saba Saba, mwaka jana mkajaribu na Pasaka. Wazo ni zuri, tena ndo kitu pekee kinachowarudisha watu waliopotea miezi sita. Tatizo langu ni moja tu, ntalizunguka zunguka humu lakini ni hilo hilo: mnafunga shindano siku ya sikukuu yenyewe.

Tuanze na Krismasi iliyopita. Mada ilitangazwa tarehe 19 usiku, dedlaini tarehe 25 saa sita usiku. Sasa jamani. Mi ni Mchaga wa Rombo, na nyie wote mnajua Mchaga Desemba yuko wapi, si ndo mnatutungia vichekesho kila mwaka. Tarehe 21 alfajiri nilikuwa stendi ya Magufuli pale Mbezi na begi la nguo, ndoo ya mizigo ya watu, na laptopu ambayo betri yake inakaa dakika 40 kama siku hiyo imeamka vizuri. Nikafungua kwenye basi nikaanza kuandika kodi (kodi ya kompyuta, siyo ya TRA), ikazima hata Chalinze hatujafika. Nyumbani umeme upo, umeenda, umerudi, umeenda tena, nikawa nachaji kwa jirani mwenye sola. Tarehe 24 wenzangu wanachinja mbuzi mi niko chini ya mgomba natafuta kwanini mbuzi wangu wa kwenye gemu anapita katikati ya ukuta kama jini. Bro mkubwa akaja akanisimamia na kisu mkononi, akauliza "hiyo kazi wanakulipa shilingi ngapi?" nikamwambia hawalipi bro, akaondoka bila kusema neno, na bro akinyamaza ujue ameshakuweka kwenye fungu lako.

Tarehe 25 jioni sasa, faili lina megabaiti 60, mtandao pale kwetu unapatikana nyuma ya zizi la bibi tena uwe umechuchumaa, ukisimama unapotea. Naapulodi, inafika asilimia 80 inakata. Naanza upya, inakata. Mara ya tatu ikaingia, saa sita na dakika 40 usiku, mkaikataa. Sawa, sheria ni sheria, sikuja kukata rufaa na mbuzi yule hakustahili kushinda hata kidogo, alikuwa bado anapita ukutani.

Kilichoniuma kilikuja kesho yake. Boksing Dei nyumba imejaa watoto, wa kaka, wa dada, wa shangazi, wengine hata sijui ni wa nani, wamekimbizana mpaka wamechoka, wakaja "anko tuwekee gemu". Nikasema poa, ngoja niwaonyeshe kazi za wenzangu, nikafungua linki ya shindano nikakuta mmefunga ukurasa, gemu zinahakikiwa, zitafunguliwa tarehe 2 Januari. Yaani gemu 14 za Krismasi, na siku ya Krismasi hakuna mtoto hata mmoja aliyecheza hata moja! Nikawapa ile ya bodaboda. Waligombania simu yangu mpaka giza likaingia, na binti wa dada yangu, darasa la pili, akagundua bagi, yaani kosa la kwenye kodi, ambalo grupu zima la watu wazima hatujaliona zaidi ya mwaka, kwamba ukiendesha kinyumenyume pointi zinaongezeka vile vile. Alifikisha laki mbili bila kuruka shimo hata moja.

Mi nilikuwa najua siku zote kwamba dedlaini inabana, ila pale ndo nikaona kingine kabisa. Sikukuu ndo siku watu wana muda wa kucheza. Shule zimefungwa, ndugu wamekaa pamoja, simu za wakubwa ziko mikononi mwa watoto. Na sisi siku hiyo hiyo ndo tumejificha migombani tunatengeneza, tukija kumaliza watu wameshasambaa, Januari yenyewe ndo hiyo ya ada na kodi ya nyumba, nani ana hamu ya gemu ya Krismasi tarehe 5? Pilau limeiva wageni wameshaaga.

Wenzetu hili walishalipatia zamani. Ludum Dare, lile shindano la kutengeneza gemu wikiendi moja lililoanza 2002, kwa miaka mingi walikuwa na raundi ya Desemba. Angalieni tarehe zao: 2013 ilikuwa 13 mpaka 16, 2014 ikawa 5 mpaka 8, 2016 ikawa 9 mpaka 12. Hakuna iliyoigusa Krismasi. Unapewa masaa 48 kama uko peke yako, 72 kama mna timu, mnamaliza, halafu wiki tatu hivi zinazofuata kazi inakuwa kucheza za wenzako na kuzipa alama, kwa hiyo Krismasi inakukuta umekaa sebuleni ni mchezaji kama wachezaji wengine. Global Game Jam nao, shindano jingine la kutengeneza gemu, tangu waanze 2009 wamejiwekea mwisho wa Januari, watu wamesharudi makwao na vichwa vimetulia.

Mtu ataniambia mbona EctoComp inafungwa sikukuu ikiwa mlangoni. Kweli, ile ni ya Halloween, sikukuu ya mizimu ya tarehe 31 Oktoba, wanaandika gemu za maandishi, wako toka 2007, na gemu zinafungwa mwisho wa Oktoba halafu Novemba watu wanacheza na kupiga kura. Lakini Halloween hakuna anayepanda basi masaa kumi kwenda kuchinja mbuzi kwa bibi. Halafu angalieni, gemu zinatoka watu bado wana mzuka wa mizimu, zinachezwa hapo hapo. Kingine ninachowapendea wale, wana vitengo viwili, kimoja gemu uiandike kwa masaa yasiyozidi manne na kingine unajipa muda wako. Hicho cha masaa manne kingetufaa sana humu. Kuna dada mmoja humu ana mtoto mchanga, zamani alikuwa anashinda kila kitu, siku hizi hata haonekani, masaa manne anaweza kuyaokota, siku sita hana.

Idi ndo mmeichanganya zaidi, na hapa nimeulizia kwa wenyewe kabla ya kuandika maana mi ni Mkristo. Mlitangaza "mwisho wa kutuma ni siku ya Idi saa sita usiku". Idi ipi? Mwezi haujaandama nyie mna tarehe. Wapo waliosali siku moja na wapo waliosali inayofuata, na humu ndani siku ile badala ya watu kupeana mkono wa Idi wakawa wanabishana kuhusu mwezi kwa ajili ya gemu ya kukusanya tende, aibu gani hiyo. Halafu jamaa mmoja wa Unguja akaniambia neno ambalo lilipaswa kuwa kwenye sheria zenu kabla ya kitu kingine chochote. Ramadhani mwanzoni usiku una nafasi, baada ya tarawehe watu wako macho na kazi inaenda vizuri kweli, lakini kumi la mwisho mwenye kutaka ibada yake hataki kelele za mtu, halafu siku mbili za mwisho nyumba nzima iko kwenye nguo za watoto na visheti. Sasa dedlaini yenu ilimtaka achague kati ya kumi la mwisho na gemu. Alichagua vizuri, hakutuma kitu.

Jibu ni rahisi, funga shindano la Idi tarehe 20 Ramadhani. Hapo hakuna anayebishana, kila mtu anahesabu tokea siku aliyoanza kufunga, mkipishana ni siku moja na mnampa huyo siku yake. Gemu zinafunguliwa, na Idi ikifika mtoto wa Unguja anatoka na pesa yake ya sikukuu anaenda Mnazi Mmoja kwenye bembea na aiskrimu, akirudi jioni amechoka ana gemu ya kucheza kwenye simu ya mama yake. Na msiweke tarehe moja kila mwaka kama mlivyoweka Aprili ile, Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, mkifika 2030 mtakuta Ramadhani inaanza Januari na nyingine inaanza Desemba mwaka huo huo, sijui hapo mtafanyaje na Krismasi yenu.

Saba Saba siwalaumu, ile ilikuwa bahati tu na ndo shindano nililolipenda kuliko yote. Mada iliandikwa neno moja, "Saba Saba", bila maelezo. Sisi wa huku tukatengeneza maonyesho ya biashara, mabanda, foleni ya barabara ya Kilwa, mtu mmoja akatengeneza gemu ya kumtafuta mtoto aliyepotea katikati ya umati pale viwanjani, na mwingine mpenda historia akaleta TANU ya 1954. Wakenya wakaleta mabomu ya machozi! Kumbe kwao Saba Saba ni 1990, viwanja vya Kamukunji Nairobi, watu wanadai vyama vingi wanakimbizwa na polisi. Tarehe ni 7 Julai hiyo hiyo, neno ni hilo hilo. Siku tatu humu ndani watu waliuliziana maswali, na wiki ile nilijifunza historia ya Kenya kuliko miaka yote ya shule.

Nimeitaja kwa sababu ya mada za Krismasi. Kila mwaka kura inaleta theluji. Theluji, mtu mnene mwenye ndevu, kulungu, misonobari. Mi natoka Rombo, theluji tunaiona juu ya mlima asubuhi tukipiga mswaki na hakuna mzee hata mmoja kule anayeihusisha na kuzaliwa kwa Yesu. Sisemi ikatazwe, anayetaka kuchora theluji achore, ila nyie mnaoandika orodha ya mada kabla ya kura ndo mnaoiweka. Zile raundi za Desemba za Ludum Dare mada zake zilikuwa vitu kama "unapata kimoja tu" mwaka 2013, "gemu nzima kwenye skrini moja" 2014, "chumba kimoja" 2016. Chukua hiyo chumba kimoja uilete kwetu Krismasi, watu 23 wanalala nyumba ya vyumba vitatu, godoro moja limebaki, tayari ni gemu na hujataja malaika. Mada inayompa mtu tatizo la kutatua inazaa gemu tofauti tofauti, mada inayompa picha ya kuchora inazaa kadi 14 za kufanana.

Sasa kama tunakubaliana kwamba sikukuu ni ya kucheza, basi gemu lazima ichezeke na mtu aliyeko kwenye sikukuu. Huyo mtu ana simu. Hana laptopu, hana bando la giga tano, na hawezi kuruhusu faili la kuinstolu kutoka kwa mtu asiyemjua. Ile gemu iliyoshinda Krismasi ilikuwa na megabaiti 400, ya Windozi tu. Mi niliidaunlodi nilivyorudi Dar kwa waifai ya kazini (msiniripoti), nikaifungua nione ndani kuna nini, nyimbo sita zote za wav, yaani faili za sauti zisizobanwa. Dakika moja ya wav ya kawaida inakula kama megabaiti kumi, ukiigeuza kuwa ogg, ambayo imebanwa, inashuka mpaka kama moja na sikio la mtoto kwenye spika ya simu halijui tofauti. Hiyo gemu ingeshuka chini ya 100 kwa kazi ya nusu saa, ila hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna sheria inayomlazimisha kujiuliza.

Wekeni kikomo. Wale wa js13k, shindano la gemu za brauza, wanafanya mwezi mzima, 13 Agosti mpaka 13 Septemba, na gemu yote ikizipiwa (ikibanwa kuwa faili la zip) isizidi kilobaiti 13, kilobaiti! Hiyo ni ndogo kuliko picha ya profaili yako, na watu wanatoa gemu za maana. Sisi hatuhitaji kujitesa hivyo, gemu ya Godot ukiitoa kwa ajili ya brauza inabeba injini nzima ya Godot ndani. Semeni megabaiti 30 ikiwa imezipiwa, ichezeke kwenye brauza, vitufe viwe vya kugusa kwa kidole. Basi. Mwenye gemu kubwa ya kompyuta aitume pembeni tuicheze siku nyingine, hakuna anayemfukuza. Mbuzi wangu na yeye angekataliwa kwa kikomo hiki, najua, na nimeshampunguza.

Kura. Hapa ntapita haraka maana kila mtu humu ana donda lake. Kura ya kubonyeza moyo mmoja kwenye gemu unayoipenda inampa ushindi mwenye marafiki wengi, tumeona darasa zima la chuo linajiunga usiku wa mwisho, linapiga kura, linatoka kimya kimya bila hata kusema hamjambo. Igeni kwa Ludum Dare, gemu haipati alama ya mwisho mpaka ifikishe watu 20 walioicheza na kuipima, na wewe unavyopima za wenzako ndivyo yako inavyosogezwa mbele ionekane. Sisi ni wachache, semeni watu nane. Asiyecheza gemu tano za wengine yake isihesabiwe. Ukifanya hivi na umefunga shindano siku kumi kabla ya sikukuu, unapata siku kumi plasi sikukuu nzima za watu kucheza, tena sasa wana sababu, na hapo hata mimi nyuma ya zizi ntaweza maana kufungua gemu ya megabaiti 20 siyo sawa na kuapulodi ya 60 huku umechuchumaa.

Zawadi ya pesa mi naona iondoke. Ilivyoingia ile laki moja ndo yalianza maneno ya nani kanunua aseti (picha na sauti zilizotengenezwa na wengine), nani kachorewa na akili bandia, nani ni yule yule kwa majina mawili, kabla ya hapo sikumbuki ugomvi hata mmoja. Wapo watakaonipinga na wana hoja, kuna mtu laki moja ni kodi ya chumba mwezi mzima, sasa mkiona ibaki ibaki lakini muigawe kwa kura ya bahati kwa wote waliomaliza, siyo kwa wa kwanza.

Pendekezo langu la mwaka huu ni hili na mnaweza kulikatakata mtakavyo. Mada itangazwe Ijumaa ya kwanza kabisa ya Desemba, watu wawe na wikiendi mbili, kufunga Jumapili ya wikiendi ya pili saa tatu usiku siyo saa sita, maana saa tatu watu mnaojibu maswali mko macho bado. Kuhakiki msichukue wiki, angalieni inafunguka tu na haina matusi, siku mbili zinatosha. Kitengo cha masaa manne kiwepo. Gemu zifunguliwe zote pamoja katikati ya wiki ile, kura ziendelee mpaka baada ya mwaka mpya, na tarehe 24, 25, 26 asitangaziwe mtu kitu chochote.

Kazi ya kuhakiki na kuhesabu ntaifanya mimi mwenyewe kama hamna mtu, nishasema mbele ya watu sasa siwezi kukimbia. Ila iishe kabla ya tarehe 20, baada ya hapo mkinitaka mnipigie jioni, na mkisikia mbuzi kwa nyuma ujue ni wa kweli.